Kuipokea Sahani ya Santuri: Desturi Zangu za Kununua na za Kupiga Mara ya Kwanza

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mstaafu, aliyekuwa karani wa masjala, katika mkutano wa jioni wa chama chetu. Yachapwa hapa kwa ombi la wasikilizaji.)



Bwana Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alinipa ruhusa ya kuchagua jambo lo lote nilijualo. Nilikaa nikafikiri. Mambo ya sheria wako waijuao zaidi yangu. Na mambo ya pensheni tumeyasikia katika mkutano uliopita, hata wengine wetu bado twaumwa na kichwa. Basi nimechagua jambo dogo la nyumbani nililolifanya kwa miaka zaidi ya arobaini, nalo ni kununua sahani za santuri, na kuzipiga kwa mara ya kwanza.

Najua wako watakaosema moyoni, “Je, mzee huyu hana neno? Sahani hununuliwa, ikawekwa juu ya kinanda, ikalia, basi, kumekwisha.” Siwalaumu, kwa maana mimi nami nilikuwa na fikira hiyo hiyo. Lakini katika jambo hili dogo nimekosa mara mbili, na kila mara kosa langu lilimwangukia mtu niliyempenda. Kosa la kwanza lilitokana na haraka. La pili lilitokana na kuchelewa. Wazee wetu walituachia methali mbili: Haraka haraka haina baraka, na Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Watu huzitaja kana kwamba zapingana. Mimi nimejifunza kwa hasara ya kuwa mtu mwangalifu hana budi kupita katikati ya hizo mbili, na desturi zangu nitakazowaeleza ndiyo njia niliyoiona.

SAHANI NI KITU GANI

Kabla ya kusema habari za desturi, yafaa tujue kitu chenyewe. Mwaka 1887 Emile Berliner, mzaliwa wa Hanover katika Ujerumani aliyekuwa akikaa Marekani, aliandikisha serikalini hati ya chombo chake alichokiita gramafoni. Sauti ilichorwa katika sahani bapa kwa mfuo mmoja mwembamba, uanzao ukingoni na kuzunguka mpaka karibu na kitovu. Watu wengi hudhani sahani ina mifuo mingi. Sivyo, kwa kawaida kila upande una mfuo mmoja tu, kama njia moja ndefu iliyokunjwa.

Sahani za kwanza zilizotufikia huku Afrika ya Mashariki zilikuwa za mizunguko 78 kwa dakika, ngumu na nyepesi kuvunjika kama kigae. Zilifanyizwa kwa utomvu wa mdudu mdogo wa India aitwaye laki, uliochanganywa na unga wa mawe. Wenzangu wa ofisini mnaujua utomvu huo, kwa maana ndio uliotumika zamani kufanyizia lakiri, ile tuliyoiyeyusha kwa moto kupigia muhuri mifuko ya barua. Tafadhalini mlishike neno hilo, maana nitalirudia.

Katika sahani hizo ndimo zilimohifadhiwa sauti za waimbaji wetu wa kwanza. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika kisiwa cha Unguja, alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya mitambo ya kampuni iliyotoa sahani za His Master's Voice. Wakati huo wa sahani za 78, upande mmoja ulichukua muda wa dakika tatu au nne hivi, na mwimbaji alikuwa hana budi kuukata wimbo wake upate kuenea.

Tarehe 21 Juni 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilionyesha sahani ya namna mpya, iliyofanyizwa kwa plastiki iitwayo vinaili. Sahani hiyo yazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na upande mmoja waweza kuchukua dakika ishirini na zaidi. Mwaka uliofuata, 1949, RCA Victor nao wakatoa sahani ndogo za vinaili za mizunguko 45. Hizo ndogo ndizo zilizoenea sana katika nchi zetu, na nyimbo nyingi za bendi za Tanzania zilifyatuliwa kuwa sahani huko Nairobi. Vinaili haivunjiki upesi ikianguka, wala haina kelele nyingi. Lakini ni laini, na mkwaruzo ukiisha kuingia hautoki tena.

Sasa tupige hesabu kidogo. Sahani kubwa yenye upana wa sentimita 30, ikiwa upande wake ni wa dakika ishirini, sindano husafiri ndani ya mfuo mwendo wa mita zaidi ya mia nne. Mwanzoni, penye ukingo, mfuo hupita chini ya sindano kwa mwendo wa karibu sentimita 50 kwa nukta moja. Mwishoni, karibu na kitovu, ni kama 21 tu. Njia yote hiyo hupitwa na ncha ya almasi ndogo isiyoonekana vema kwa macho. Ncha hiyo ikiwa imevunjika, au vumbi likiwa njiani, yatakwaruzwa yote. Kwa hiyo kupiga sahani ni kuisikia na kuila kwa pamoja. Sindano nzuri huila kidogo sana hata usiweze kutambua. Sindano mbovu huila kama mchwa.

KOSA LA KWANZA

Mwaka 1979 nilikuwa kijana, karani mgeni, na nilikuwa nimenunua kinanda changu cha kwanza kwa mshahara wangu mwenyewe. Kilikuwa na miendo mitatu, wa 33, wa 45 na wa 78, na sindano yake iliweza kugeuzwa kwa ajili ya sahani za zamani. Nilikwenda nacho likizo Tanga kwa bibi yangu, mzaa mama yangu, nipate kujivuna kidogo.

Bibi alikitazama kinanda, asiseme neno. Kisha akaingia chumbani, akafungua sanduku lake la nguo, akatoa sahani moja ya taarabu ya mizunguko 78 iliyofungwa katika kanga. Alikuja nayo kutoka Unguja alipoolewa. Kinanda cha babu kilikwisha kuharibika kabla mimi sijazaliwa, na tangu siku hiyo hakuisikia tena. Akaniambia, “Mjukuu wangu, hii hapa. Nipigie nimsikie mwenzangu.”

Nikaiona sahani ina ukungu na alama za vidole. Ofisini mwenzangu mmoja alikuwa amenifundisha kuzifuta sahani zangu kwa spiriti kidogo, na kweli zile zangu za vinaili hazikudhurika. Basi nikaomba spiriti ya kusafishia vidonda, nikalowesha kitambaa, nikaipangusa sahani ya bibi kwa nguvu, huku nikieleza mambo ya maendeleo.

Kila fundi seremala aliyepata kupaka polishi anajua nililokuwa silijui. Utomvu wa laki huyeyuka katika spiriti. Ndivyo polishi ya viti na makabati ifanyizwavyo. Kitambaa kikawa cheusi, nami nikafurahi nikidhani ni uchafu unaotoka. Ilipokauka, ule mng'ao wake ulikuwa umekwenda. Nikaiweka juu ya kinanda, nikashusha sindano. Tukasikia mvumo kama mvua juu ya bati, na nyuma ya mvua hiyo, mbali sana, mtu kama anayeita.

Bibi alingoja mpaka mwisho wa upande. Kisha akaniuliza kwa upole, “Uliipangusa, mwanangu, au uliifuta?” Sikuwa na jibu. Akaifunga tena katika kanga yake, akairudisha sandukuni, wala hakuitaja tena mpaka alipokufa.

DESTURI ZA DUKANI

Tangu siku hiyo nikajitungia kanuni, na ya kwanza huanzia kabla sijafika dukani. Fedha ya sahani huitenga katika bahasha siku ya mshahara, baada ya kodi ya nyumba, chakula na karo ya watoto. Bahasha ikiwa tupu, siendi dukani hata kutazama, kwa maana macho ni wadeni wabaya. Sijapata kununua sahani kwa mkopo. Wimbo wa deni hausikiki vizuri. Kila ukiitikiwa, wasikia mtu akibisha mlango.

Pili, nanawa mikono, nachukua miwani yangu na kitambaa safi cha pamba. Sahani huishika ukingoni na katika karatasi ya katikati tu, kwa maana mafuta ya vidole hukamata vumbi. Naipeleka penye mwanga wa mchana, nikaiinamisha ili nuru ipite juu yake kwa upande. Taa ya dukani huficha mengi. Mkwaruzo unaoonekana tu lakini ukucha hauuhisi, pengine hautasikika. Mkwaruzo unaokwama chini ya ukucha hapana budi utalia. Ukikata mfuo kwa upande, utasikia mgongo wa sindano ukigonga kila mzunguko, yaani katika sahani ya 33 kila baada ya nukta moja na sehemu nane za kumi. Ukifuata njia ya mfuo, huenda sindano ikanasa ikarudia neno moja mpaka uiondoe.

Tatu, naiinua sahani ielekeane na jicho langu kama seremala atazamavyo ubao, nipate kuona kama imepinda. Joto ndilo adui wa vinaili. Sahani iliyoachwa katika motokaa juani hujikunja kama chapati.

Nne, naitazama tundu ya katikati. Hapo ndipo mwenyewe wa kwanza alipoandika tabia yake bila ya kujua. Ukiona mistari mingi myembamba kuizunguka tundu, jua ya kuwa sahani imewekwa juu ya kinanda mara nyingi, na pengine na mtu aliyekuwa akipapasa gizani. Tena natazama rangi ya mfuo. Sahani nzima hung'aa kama ngozi ya mbuluu. Iliyoliwa na sindano mbovu huwa ya kijivu, na hapana kuiosha kutakakorudisha kilichokwisha kuondoka.

Tano, nasoma nambari iliyochorwa katika nafasi tupu baina ya mwisho wa mfuo na karatasi ya katikati, nikailinganisha na ile iliyopigwa chapa katika karatasi, na jalada pia. Mara mbili nimekuta jalada la bendi moja na ndani yake sahani ya kwaya. Karani wa masjala haamini jina lililo juu ya faili mpaka afungue.

Sita, namwuliza mwuza sahani ilikotoka. Siku moja, katika soko moja la vitu vya zamani, niliikuta sahani nzuri kabisa, bei rahisi, na katika karatasi yake mlikuwa na muhuri wa maktaba ya umma. Mwuzaji aliapa kwamba maktaba ilizitupa. Huenda ni kweli. Lakini sikuona hati ya kuthibitisha, nami nimekula mshahara wa serikali miaka mingi kwa kulinda mali yenye muhuri. Niliirudisha mahali pake. Nakiri kwamba hata leo naikumbuka.

DESTURI ZA NYUMBANI

Sahani ikiisha kuwa yangu, huisafirisha imesimama wima mapajani. Katika basi usiiweke juu ya kifuniko cha injini, hata kondakta akikukaribisha kwa maneno matamu. Ifikapo nyumbani, siipigi saa ile ile. Naiacha ipoe, nami naifungua daftari yangu.

Daftari hiyo ni mwiga wa daftari ya mapokezi ya masjala. Ina safu hizi: nambari, tarehe ya kununua, mahali, bei, jina la wimbo na la bendi, nambari ya sahani, na hali yake nilivyoiona. Safu ya mwisho nitaieleza baadaye. Watoto wangu walikuwa wakinicheka, lakini daftari imenizuia nisinunue sahani moja mara tatu, jambo lililowapata wengi.

Kisha naiosha. Kwa sahani za vinaili natumia maji yaliyokenekwa, yasiyoacha chumvi yakikauka. Lakini yasiwe yale yenye tindikali yatiwayo ndani ya betri za motokaa. Naongeza tone moja la sabuni laini. Kitambaa hukipitisha kwa kufuata mzunguko wa mfuo, kamwe sikati njia. Karatasi ya katikati naikinga isilowe. Nasuuza kwa maji yale yale bila sabuni, kisha naisimamisha katika kichanja cha sahani za chakula ikauke kivulini. Mke wangu alichelewa kukubali sahani zangu zikae pamoja na sahani zake, lakini neno lenyewe ni moja, nami nikashinda kwa hoja hiyo.

Sahani za 78 siziguswi kwa spiriti hata kidogo. Maji kidogo, upesi, na kukausha mara moja.

Mwisho ni sindano. Naitazama kwa kioo cha kukuzia, nikaondoa vumbi kwa brashi laini, nikipiga kutoka nyuma kuja mbele. Napima uzito wa mkono wa kinanda. Vinanda vingi vya siku hizi vyataka gramu moja na nusu au mbili tu. Vile vya zamani vya kuzungusha kwa mkono vililaza gramu zaidi ya mia, na sindano yake ya chuma ilitupwa baada ya kupiga upande mmoja. Basi ukiweka sahani ya vinaili juu ya kinanda cha namna hiyo, ni sawa na kulima shamba la mchicha kwa trekta. Tena sindano ya sahani za 78 ina ncha pana karibu mara tatu kuliko ya vinaili, usizichanganye.

KOSA LA PILI

Mabibi na Mabwana, msikilizaji mwerevu atasema kwamba mtu mwenye kanuni hizi hawezi kukosa tena. Nami nilidhani hivyo.

Mwaka 1996 mjomba wangu, aliyekuwa amestaafu na kukaa Morogoro, aliniandikia barua. Katika ujana wake alicheza dansi sana, na bendi aliyoipenda ilikuwa Cuban Marimba ya mji ule ule, iliyoongozwa na Salum Abdallah mpaka kifo chake mwaka 1965. Kulikuwa na wimbo mmoja alioucheza siku alipomwona mke wake kwa mara ya kwanza, na mke huyo alikuwa amefariki mwaka uliopita. Aliniomba nimtafutie sahani yake.

Nikaitafuta miezi mitatu, nikaipata Nairobi nilipokwenda kwa kazi; sahani ndogo ya mizunguko 45, safi kuliko nilivyotazamia. Nikaiandika katika daftari, nikaiosha. Kisha nikaitazama sindano yangu kwa kioo, nikaona imechakaa kidogo upande mmoja. Nikasema, sitaiharibu hii kama nilivyoiharibu ile ya bibi. Nikaagiza sindano mpya kwa mtu aliyekuwa akienda Uingereza. Mtu huyo akakawia. Aliporudi alileta sindano isiyo ya namna yangu, nikaagiza tena.

Mjomba akaniandikia, “Je, ile amana imepatikana?” Nikamjibu kwamba ipo, ila natengeneza mambo. Akaandika tena, “Mambo yakiisha kutengenea, unijulishe.” Barua zake zote mbili nimezihifadhi. Katika daftari yangu, mbele ya nambari ya sahani ile, palikuwa na neno moja: Haijapigwa. Lilikaa hapo miezi minane.

Sindano ilipofika, nilipakia kinanda ndani ya basi, nikaenda Morogoro. Binti yake alinipokea mlangoni, akaniambia taratibu kwamba baba aliugua kipindi cha mvua, homa kali, na sasa masikio yake hayasikii tena. Walidhani yatarudi, kwa hiyo hawakuniandikia.

Mjomba alikuwa ameketi barazani. Aliiona sahani, akaisoma karatasi yake kwa karibu sana, akatabasamu. Akaniashiria niipige. Nikashusha sindano kwa mkono uliokuwa ukitetemeka. Sauti ilikuwa safi kabisa. Sijapata kupiga sahani ya 45 ikatoka safi namna ile. Mjomba akaweka kiganja chake juu ya sanduku la sauti, na kwa kidole cha mkono wa pili akawa anapiga mapigo juu ya goti lake. Nikakitazama kidole kile. Hakikuwa kikifuata wimbo uliokuwa ukilia. Kilifuata wimbo aliokuwa nao mwenyewe, wa miaka mingi nyuma, nao ulikuwa wa polepole zaidi.

Ulipokwisha akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiosikia, “Ndiyo yenyewe. Ahsante, mwanangu.” Sikuweza kumwambia kwamba ilikuwa kabatini kwangu tangu masikio yake yalipokuwa mazima.

KUPIGA KWA MARA YA KWANZA

Ndipo nilipoongeza ile safu ya mwisho katika daftari yangu. Imeandikwa: Nani alisikia kwanza, na lini. Na kanuni yake ni siku saba. Sahani iingiapo nyumbani kwangu haina ruhusa ya kulala zaidi ya siku saba bila ya kupigwa mbele ya mtu. Sindano ikiwa mbovu, naazima kinanda cha jirani kilicho kizima. Zamani ofisini barua iliyokaa siku saba bila jibu iliandikiwa ukumbusho. Sikuona kwa nini sauti ya mtu ipewe heshima kidogo kuliko barua ya kuomba magurudumu ya baiskeli.

Kwa hiyo desturi yangu ya kupiga mara ya kwanza ni hii. Nachagua siku ambayo nyumba imetulia, mara nyingi jioni ya Jumamosi. Namwalika mtu mmoja au wawili, na kama sahani ina mtu wake, yaani mtu aliyecheza katika bendi ile au aliyependa wimbo ule, basi yeye ndiye wa kwanza kualikwa. Chai huwekwa meza nyingine. Simu huachwa chumbani. Nashusha sindano penye ukingo kwa chombo cha kuteremshia, si kwa kidole, nikaketi.

Upande mzima husikilizwa bila ya kuinuka na bila ya kuruka wimbo. Hapana asemaye. Zile nyimbo mbili za kwanza mtu husikiliza kwa masikio ya mnunuzi. Yu atafuta kasoro, apime kama fedha yake imekwenda bure. Ifikapo ya tatu husahau, akaanza kusikia watu. Husikia mpiga gita akivuta pumzi kabla ya kuanza, husikia kiti kikilia, husikia kwamba waimbaji walikuwa watu waliosimama chumbani siku fulani, wakiwa na njaa au furaha. Mambo haya hayasikiki mtu akiwa anatembeatembea.

Ukiisha upande, nainua sindano, tunazungumza kidogo, kisha nageuza. Sahani ikisha kupigwa yote, narudisha katika bahasha safi ya ndani, naisimamisha wima, kamwe siilazi chini ya nyingine. Ndipo nafungua daftari na kuandika jina la msikilizaji. Hivi sasa daftari yangu ina majina mengi, na wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Kila nikiipiga sahani mojawapo, nasoma jina kwanza.

Wenzangu, siwaambii kwamba kila mtu awe na sahani na kinanda. Nasema hivi tu: kitu cho chote chenye sauti ya mtu ndani yake ni amana. Asiyekijua asikisafishe kwa haraka, na anayekijua asikifungie kabati akingoja siku iliyo njema kabisa, kwa maana kitu chenyewe kinaweza kungoja, lakini masikio hayangoji.



MASWALI YALIYOULIZWA

Mwanachama mmoja aliuliza kuna faida gani kutumia fedha kwa sahani, hali nyimbo zapatikana katika simu. Mzee alijibu kwamba hata yeye husikiliza simu akiwa safarini, wala haoni vibaya. Lakini nyimbo nyingi za bendi zetu hazimo katika simu ya mtu ye yote, zimo katika sahani tu. Akaongeza kwamba biashara ya sahani haijafa: mwaka 2022 huko Marekani ziliuzwa sahani za vinaili kama milioni 41, na CD milioni 33, nayo ilikuwa mara ya kwanza tangu 1987 sahani kuzishinda CD kwa idadi.

Bibi mmoja aliuliza kama watoto waruhusiwe kushika sahani. Alijibiwa kwamba wafundishwe mapema kushika ukingo, na wapewe kwanza sahani iliyokwisha kuharibika wajifunzie. “Mtoto aliyekatazwa atashika usiku,” alisema Mzee.

Mwanachama mwingine alitaka kujua habari ya ile sahani ya bibi. Mzee alisema anayo. Siku saba baada ya maziko aliipiga tena mbele ya mama yake mzazi kwa sindano nzuri zaidi. Mvua ilikuwa ile ile, lakini mama alisema amelitambua neno moja.

Bwana Mwenyekiti alimshukuru msemaji kwa niaba ya wote. Ilikubaliwa kwamba kila mwanachama aliye na sahani nyumbani, iwe moja au mia, amletee Katibu orodha yake kabla ya mkutano ujao, akitaja jina la bendi, nambari ya sahani, na kama kuna mzee wa kualikwa kuisikia. Mzee ameahidi kuja na kinanda.